Freni za Kamio ya Baba

Garaji ya Emile,
Nyuma ya Soko,
Kasongo, Maniema.
Jumamosi, tarehe 27 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu François,

Pokea salamu za asubuhi kutoka nyumba nzima ya Mama Cécilia. Naandika garaji ikiwa bado imefungwa, na mwenye pikipiki mmoja aliyebisha nimemwambia arudi mchana. Hujambo, mkubwa wangu? Shemeji Laura hajambo? Na binti yenu Estelle je? Na yale magoti yako, yaliyochakaa kwa kuyapigia magari ya watu, yamepata nafuu? Baridi ya huko inakaribia. Jifunike vizuri, usijifanye kijana.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama alitimiza miaka themanini na mitano mwezi wa saba. Macho yamepungua, lakini masikio ni yale yale. Mtu akisema vibaya juu ya sombe yake, yale majani ya muhogo anayoyapika, nyuma ya nyumba, yeye anajibu akiwa mbele ya nyumba. Mke wangu Mado anauza mchele sokoni kama zamani na ananigombeza kama zamani. Mvua zimeanza kurudi, na barabara ya Kabambare imeanza kufanya vituko vyake. Naijua hali yake kwa sababu nimetoka huko juzi juzi, na hilo nitakueleza mbele.

Mama ameagiza nikuandikie kwa Kiswahili cha barua, si kile cha garaji, maana anasema barua ya mutu mukubwa haiandikwi kama mutu anaomba spana. Nitajaribu. Kikinitoka cha garaji, unanijua.

Estelle alituandikia mwezi wa nane kwamba mwezi wa kumi na moja unaacha kazi, na kwamba wenzako watakufanyia sherehe. Akaomba nyumbani tutume maneno ya sifa yasomwe siku hiyo. Familia ilikutana, ikaniteua mimi, kwa sababu eti ninayejua magari ni mimi. Ile barua ya sifa iko tayari, kurasa mbili. Mwalimu Bruno anasafiri kwenda Kindu kupanda ndege, atakuwa nayo kwenye bahasha nyeupe, na akifika Kinshasa atampa padri anayekuja huko kwenu. Hii unayoshika ni ile ya bahasha ya kahawia. Nakusihi usome hii kwanza.

Nianze na sifa, kaka, maana ni za kweli na sitaki zipotee katikati ya mengine. Miaka thelathini na minane! Mtu anaoa, anazaa, anazika, anapata wajukuu, na wewe muda wote huo umeinama juu ya gurudumu. Watu wa hapa wanadhani injenieri wa magari ya mashindano kazi yake ni kuyafanya yakimbie. Mimi huwaambia vijana wa pikipiki: kukimbia, hata jiwe ukilisukuma mlimani linakimbia. Kaka yangu kazi yake ni kusimamisha. Ni fundi wa freni, au breki kama wanavyosema wafanyabiashara wa Kigoma. Wanacheka. Halafu nawaonyesha ile picha uliyotutumia, disiki ya freni imekuwa nyekundu kama kaa la moto, gari bado iko mbioni, na ndani yake kuna mtu mwenye mke na watoto. Hapo wanaiomba waitazame kwa karibu.

Katika ile barua ya sifa nimeandika jinsi ulivyovuka mto Lualaba na begi moja, ukaenda kupanda treni pale Samba. Jinsi ulivyofagia garaji ya yule mzungu wa Lubumbashi aliyeshindana kwa magari siku za Jumapili, mpaka siku moja akakukuta umeinama unasikiliza gurudumu kwa sikio, akakuuliza umesikia nini, na ulilomwambia likawa kweli. Jinsi alivyokuchukua aliporudi kwao. Na huko Ubelgiji ukafagia tena mwaka mzima, mtu mwenye mikono kama yako! Jioni ukaketi darasani na watoto uliowazidi miaka kumi, ukasoma hesabu za joto na chuma. Hukulalamika katika barua hata moja. Nimezitunza zote.

Nimeandika juu ya yale mashindano ya kutwa kucha, ambapo madereva wanabadilishana na kulala, na wewe hulali. Juu ya yule dereva Mfaransa aliyekataa kuingia ndani ya gari kwenye mvua mpaka asikie kwa kinywa chako kwamba freni umezikagua mwenyewe. Juu ya siku za majaribio, ulipokuwa unapanda pembeni ya dereva hata wakubwa wako wakikukataza. Estelle anasema wenzako waliona ni ukaidi. Wewe na mimi tunajua ilitoka wapi. Baba aliweka kanuni moja tu katika kazi yake: aliyetengeneza gari anapanda safari ya kwanza. Akiogopa kupanda, kazi hakuimaliza.

Na nimeandika lile ambalo wote wanalisema, kwamba katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyeumia kwa freni zilizotoka mikononi mwako. Hata mmoja. Mimi nimefanya pikipiki miaka arobaini, najua uzito wa neno hilo. Nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai, kaka, na ningelisema hivyo hata kama tusingezaliwa tumbo moja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, tulipotoka misani, binti yangu Esther-Divine alituita wote tutazame video aliyotumiwa na Estelle. Rezo ya simu siku hiyo ilikuwa na huruma, haikukatika. Mwandishi wa habari alikuwa anakuuliza maswali mbele ya gari. Akauliza kwa nini kila ukimaliza kazi unabandika utepe mwekundu juu ya kifuniko cha mafuta ya freni na kuutia sahihi yako, wakati mafundi wengine hawafanyi hivyo. Ulicheka kidogo. Ukasema, nyumbani kwetu, siku moja, niliacha kifuniko bila alama. Basi. Mwandishi akapita kwenye swali lingine.

Nyumba nzima ilipiga makofi, Mado akatoa vigelegele. Mimi sikupiga makofi. Nilitoka nje nikakaa juu ya tairi. Fundi aliyeharibu kazi yake mwenyewe hasemi maneno yale. Anayesema vile anashuku kwamba baada yake kuna mkono mwingine uliofungua kifuniko.

Kaka, mkono ule ulikuwa wangu.

Ngoja nisimulie yote, nisiruke kitu, kwa sababu nimeruka miaka arobaini na mmoja. Ni Kabambare, mwaka 1984, kabla hatujahamia Kasongo, wewe una miaka ishirini na mitatu, mimi kumi na minane. Jumamosi ile ulikuwa umemaliza freni za kamio, ile lori ya Baba ya kubebea mizigo: mipira mipya ndani ya magurudumu, hewa umetoa, na kwenye chombo umemimina kopo la mwisho la mafuta ya freni lililokuwamo Kabambare nzima. Baba akaja, akakanyaga pedali, akakuangalia, akasema, huyu ni fundi. Mimi nilikuwa pale nimeshika spana. Siku zile hakuna aliyekuwa ameniita jina lolote isipokuwa leta na shika.

Jumapili mlikwenda misani, nikabaki kulinda kamio, ambayo ilikuwa imeshapakiwa mchele na karanga za kuja Kasongo. Akatokea mfanyabiashara mmoja na gari yake ya jeep, kutoka upande wa Kongolo, freni zimevuja, amekwama. Akauliza fundi yuko wapi. Nikasema, fundi ni mimi. Palipovuja nilipaziba, na nilipaziba vizuri. Lakini mafuta hayakuwepo. Basi nikafungua kifuniko cha kamio ya Baba, nikayavuta mafuta kwa mpira, nikazifungua na skrubu za kutolea hewa kwenye magurudumu nikakinga yaliyobaki, yote nikampa yeye. Kisha nikafanya kile tulichokuwa tunaona madereva wa njia ile wakifanya mafuta yakikosekana, ili wajikokote mpaka kijiji cha pili. Nilikoroga sabuni ndani ya maji, nikajaza. Nilikanyaga pedali, ikawa ngumu kama ulivyoiacha wewe.

Yule mtu aliniaga akisema, asante, injenieri. Hakunipa kitu kingine. Yote yale niliyafanya ili niitwe neno la namna hiyo tu.

Nilitaka kukuambia mkirudi. Mungu ni shahidi wangu, nilikuwa nimesimama barazani kwa ajili hiyo. Mlirudi Baba ameweka mkono begani mwako, anawasimulia wazee wa kanisa jinsi ulivyofanya zile freni. Nikasema moyoni, nitamwambia jioni. Jioni nikasema, kesho. Kesho yake mliamka mapema kwa safari. Kwa kanuni ya Baba na mimi nilipaswa kupanda, kwa kuwa nilishika spana, na yeye hakujua kwamba nilishika zaidi ya spana. Nikasema nina homa. Mama akanigusa paji la uso akasema kweli, kuna joto. Lilikuwa joto la uoga.

Baba akapanda, wewe ukapanda. Kamaldine, utingo wa Baba, akapanda nyuma na kile kipande chake cha mti cha kuzuia gurudumu. Alinitania, akasema homa yangu inapenda sana siku za safari. Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake.

Yaliyofuata wewe unayajua kuliko mimi. Kwenye mteremko wa kwenda mto Luama maji yalichemka ndani ya mirija kwa joto la freni, yakawa mvuke, pedali ikalala chini. Kamaldine akaruka kama alivyofundishwa, akatia mti wake chini ya gurudumu, na kamio ikapita juu ya mti na juu yake. Halafu ikalala kwenye mfereji na mguu wa Baba ukavunjika chini ya goti. Kamaldine aliacha mke na mtoto wa miaka minne, Abdoul.

Kitu ambacho nimetaka kukuuliza miaka hii yote ni povu. Mafuta ya freni hayatoi povu. Wewe ulikuwa pale mferejini unamvuta Baba, mirija imepasuka mbele ya macho yako. Uliliona? Ulisikia harufu ya sabuni? Maana walipowaleta nyumbani, Baba akiwa juu ya machela, akauliza mbele ya watu wote nani alifanya freni, nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, na wewe ulinitazama. Ulinitazama mimi kwanza. Kisha ukasema, "Ni mimi."

Nimelisikia neno hilo kila siku ya maisha yangu. Na ulikuwa husemi uongo, ndiyo ubaya wake. Ni kweli, freni zilikuwa kazi yako. Baba akasema mkono wako usiguse tena gari yake, na watu wa Kamaldine wakageuza uso kila ulipopita. Miezi mitatu baadaye ukavuka mto. Mimi nilikusindikiza mpaka kivukoni nimekubebea begi. Nilibeba begi, kaka! Ukanipa mkono, ukaniambia nimwangalie Mama. Nikasema ndiyo.

Kuna jambo lingine, na hili linaniuma kuliko la sabuni. Ile ya sabuni nilikuwa mjinga mwenye kiburi. Baba alipofariki mwaka 2001 nilikuwa na miaka thelathini na mitano, nina mke na garaji, siwezi kusema nilikuwa mjinga. Nilikuwa nimemshika mgongo ili apumue. Akaniuliza, François angali anafanya freni? Nikasema ndiyo, za magari ya mashindano. Akasema, Mungu awalinde wanaopanda. Mdomo wangu ulikuwa karibu na sikio lake, kaka. Ningesema maneno matatu tu. Nikamvutia shuka nikamfunika vizuri, na kesho yake akaondoka hivyo hivyo, anaamini mtoto wake mkubwa alifanya kazi mbaya.

Basi, baada ya ile video nilikesha na mawazo, na Jumatatu nikamwambia Mama. Alikuwa anamenya karanga uani. Nilipiga magoti, nikasema yote kama nilivyokuandikia. Aliendelea kumenya zote zilizobaki kwenye ungo, moja moja, mpaka nikadhani hakusikia. Halafu akasema, "Miaka yote niliomba Mungu amusamehe François. Kumbe niliomba kwa ajili ya mutoto asiye na kosa."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Siku mbili hakugusa chakula nilichomletea mimi, alikula kile cha mkono wa Mado tu. Siku ya tatu akaniita, akasema niende Kabambare kwa watu wa Kamaldine. Akasema nisipige simu, na nisichukue mtu wa kusema mahali pangu.

Nilikwenda kwa pikipiki, siku mbili kwa ajili ya matope. Abdoul sasa ni mtu wa miaka arobaini na mitano, analima, na wakati wa kiangazi anakwenda kuchimba dhahabu Lusangi. Mama yake alifariki zamani. Nilikaa chini nje ya uwanja wake, kama desturi inavyomtaka mtu aliyekuja na neno la damu, mpaka yeye mwenyewe akatoka na mkeka. Akanisikiliza hadi mwisho. Wanawake waliokuwa wanatwanga waliacha. Akauliza jambo moja, kama baba yake alijua freni ni mbovu alipopanda. Nikamwambia hakujua, alikuwa anacheka. Nikamwambia aliyejua ni mmoja tu, na huyo alilala nyumbani.

Aliinama akawa anang'oa nyuzi za mkeka. Mimi nilitazama miguu yangu.

Utakuwa hujasahau ile baiskeli uliyomtumia Abdoul mwaka 1995 kupitia kwa mapadri. Mama yake aliirudisha kwetu siku ile ile, akasema nyumba yake haipokei kitu kutoka mkono uliomfanya mjane. Hatukuthubutu kukwambia. Mama alikuambia kwenye simu kwamba mtoto alifurahi, na wewe ukaamini. Samahani kwa hilo pia. Basi, Abdoul akainua kichwa akaniuliza, "Ile baiskeli ya François, bado iko?"

Nikasema iko, imetundikwa kwenye garaji yangu, hakuna aliyewahi kuipanda.

"Nitakuja kuichukua," akasema. "Na wewe, Emile, leo sina neno lako."

Akainuka kwenda kuswali. Sikudai zaidi. Nililala kwa jamaa za Mama, nikarudi.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kanisa zima, baada ya matangazo, nikasema tena. Nilitaka walionisikia nikinyamaza wanisikie nikisema. Wazee wawili kati ya wale waliokuwepo siku ya machela, ambao nao walihamia hapa Kasongo, bado wako hai, na walikuwepo. Mmoja alilia. Mwingine alinitazama kama mtu anayetazama nyoka ndani ya nyumba, na sikumlaumu. Wiki hii zimekuja pikipiki tatu tu hapa garajini. Nani atampa freni zake mtu wa namna hii? Mado anasema watarudi, kwa kuwa fundi mwingine wa karibu ni mlevi. Huyu mwanamke, hata kwenye msiba anapata la kunichekesha.

Nilimwambia Mado kwamba nafikiri kazi yako yote kubwa imetoka kwenye kosa langu, kwamba bila ile sabuni usingeondoka, na wale madereva wasingepata mtu wa kuwalinda. Alinikemea vibaya. Akasema, usijipe hata hilo, François alikuwa fundi kabla ya sabuni yako. Nimelitafakari neno hilo, naona amesema kweli. Ulichokipata huko kilikuwa chako tangu Kabambare. Mimi nilichokifanya ni kukuondolea nyumba, na baba, na mazishi ya baba, na miaka arobaini na mmoja ya kukaa na Mama.

Abdoul alikuja juzi Alhamisi. Nilikuwa nimeishusha ile baiskeli, nikatia tairi mpya na kubadilisha mipira ya freni. Akazikagua mwenyewe mara mbili huku ananitazama. Ana haki. Alikunywa maji ya Mama, akakaa naye kitambo barazani, wakasemezana Kibangubangu polepole, sikuwakaribia. Alipotoka akaipanda na kuondoka. Hakuniaga, lakini alimuuliza Mama wewe utakuja lini.

Nami nakuuliza hilo hilo, kaka. Kila mara tulipokuomba uje, ulisema baada ya msimu huu wa mashindano, baada ya msimu ule. Nilikuwa najua kwa nini huji, na nilikuacha. Sasa misimu imekwisha. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Karatasi ni rahisi mno, angalia mimi ninavyojificha nyuma yake. Nakuomba uje. Kama uliliona povu, uniambie uso kwa uso, na ukitaka kunipiga nitakuwa nimesimama. Kama hukuliona, basi umeishi miaka yote hiyo ukidhani ulimuua Kamaldine, na hapo sijui nitakutazamaje, lakini nitakutazama.

Siku ya sherehe fanya utakavyo. Ukitaka Estelle asome hii badala ya ile ya bahasha nyeupe, ruhusa unayo, jina langu lisifichwe. Wenzako hao wamekuwa wakicheka utepe wako mwekundu. Wana haki ya kujua walikuwa wanacheka nini.

Mado anakusalimu sana, na anasema shemeji Laura asiogope kuja, wali wa hapa hauna maneno. Esther-Divine anamsalimu Estelle, dada yake ambaye hajawahi kumgusa mkono. Wazee wa kanisa wanakusalimu, na safari hii wamekutaja kwa jina lako. Mungu wa wazazi wetu akupe afya, alinde magoti yako na macho yako, akutoe huko salama na kukufikisha kwetu Mama angali hai.

Mama ameketi hapa karibu nami tangu nilipoanza ukurasa huu. Amenisikiliza nikisoma yote kwa sauti, akanisahihisha mahali pawili. Anataka ya mwisho yawe yake, na ameniambia niyaandike kama anavyoyasema, nisipunguze na nisiongeze:

"François, mutoto wangu. Mimi Mama yako. Freni zako zilikuwa muzuri. Baba yako hakujua, lakini mimi sasa ninajua, na ninakuambia mahali pake: zilikuwa muzuri. Kuja nyumbani."

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda huku nimekuficha ukweli miaka yote hii,

Emile